Mtihani Ndani ya Saluni

Mkuu wa kitengo cha kompyuta alikuwa mtu wa maneno machache, na asubuhi ile aliyasema yote akiwa bado amesimama mlangoni. Hospitali inanunua seva mpya. Kumbukumbu zote za wagonjwa zitahamishiwa huko. Kazi hiyo itaongozwa na mtu mwenye cheti cha kimataifa cha usimamizi wa seva, na kama ndani ya kitengo hatapatikana mwenye cheti hicho kabla mashine hazijafika, wataitwa watu kutoka nje.

"Kuna anayejiona anaweza?" aliuliza.

Watu wakatazamana. Mmoja akaanza kuchunguza kucha zake. Kutoka nyuma ya chumba, Bi Seva akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Mimi nitaufanya huo mtihani," na hapo ndipo alipogundua kwamba ameshasimama.

Bi Seva lilikuwa jina la kazini. Wenzake walimpa kwa sababu ukimtafuta mezani kwake ukamkosa, huna haja ya kuuliza: yuko kwenye kile chumba cha baridi chenye mashine zinazovuma kutwa kucha, amevaa sweta, anaisemesha seva kama mtu anayembembeleza mtoto ale. Miaka yote alikuwa akizihudumia mashine zilizopangwa na wengine. Kuongoza kazi kubwa namna ile mwenyewe, tangu mashine zikiwa ndani ya maboksi mpaka daktari anapobonyeza kitufe na kuliona jina la mgonjwa wake, hakuwahi hata kuota. Jioni alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyechelewa, na wala hakuwa amechelewa popote.

Nyumbani aliishi na wifi yake, dada wa mumewe. Mume alikuwa dereva wa greda kwenye ujenzi wa barabara, mbali huko, akirudi mara moja moja, na wanawake wale wawili walikuwa wamezoeana kiasi kwamba waliweza kugombana bila kusimamisha kazi. Wifi alikuwa msusi. Sebule ya nyumba ndiyo ilikuwa saluni: vioo ukutani, viti vya kuzunguka, na rafu ndefu iliyopangwa vichwa vya plastiki vilivyovalishwa mawigi. Mlangoni alibandika kibao alichokiandika mwenyewe kwa rangi: KUNA WIFI HAPA. Mteja mgeni akiuliza, "Wifi wa nani?" yeye hujibu bila kuinua macho kwenye kichwa anachokisuka, "Wa kwangu, anarudi kutoka kazini jioni. Kama unataka ile ya intaneti, nywila iko pale kwenye kioo."

"Huo mtihani utaufanyia wapi?" wifi aliuliza alipopewa habari.

"Hapa nyumbani."

"Hapa? Na msimamizi atakaa wapi?"

"Kwao. Sijui hata ni nchi gani. Ataniangalia kwa kamera ya laptopu."

Wifi akaacha kusuka. Mteja aliyekuwa kitini naye akageuza shingo, ikarudishwa mahali pake kwa mkono.

"Yaani mtu akae kwao, amwangalie mtu kwenye nyumba yangu, na mimi sijampikia hata chai?"

"Hata wewe mwenyewe hutakiwi kuwepo, wifi. Chumba kinatakiwa kiwe kitupu. Asiingie mtu, isisikike sauti ya mtu. Mezani pasiwe na karatasi, ukutani pasiwe na maandishi. Nikitazama pembeni mno, naonywa. Nikinong'ona, naonywa."

"Basi umeshafeli," wifi akasema kwa upole kabisa. "Wewe hata vitunguu huvikati bila kuvisemesha."

Walicheka wote watatu. Lakini usiku ule Bi Seva alipojilaza hakuwa na wasiwasi wa midomo yake. Kazi aliijua. Alikuwa na hamu tu siku zipite.

Aliyejiandikisha kwa mtihani ule alipewa pia nafasi za kujaribu, kwenye mazingira yale yale atakayoyakuta siku yenyewe. Jumapili mchana, saluni ikiwa imefungwa, Bi Seva aliweka laptopu kwenye meza ya kucha, maana pale ndipo intaneti ilipokuwa na nguvu kuliko mahali pengine popote ndani ya nyumba. Akakaa mkao wa kula. Maswali hayakuwa ya kuchagua jibu. Unapewa kazi: tengeneza mtumiaji huyu, panga diski ile, zima huduma hii, washa nyingine. Ukimaliza, kompyuta inakwenda kukagua kama kweli imefanyika.

Kazi zote zile alikuwa akizifanya kila wiki. Vidole vilikwenda vyenyewe. Alimaliza mapema, akabonyeza kitufe cha kukabidhi, akajizungusha mzima mzima kwenye kiti cha kusukia kwa raha.

Matokeo yakaja. Alikuwa amefeli, tena vibaya.

Macho yalimtoka. Akasoma maelezo ya swali la kwanza: mtumiaji hayupo. Swali la pili: diski haijapangwa. La tatu hivyo hivyo, na la nne. Lakini yule mtumiaji alimtengeneza, alimwona kwa macho yake mawili. Akarudi juu, akaanza kusoma swali moja baada ya jingine taratibu, kama mtu anayetafuta sindano zuliani, na hapo ndipo alipoiona. Juu ya kila swali kulikuwa na mstari mmoja wa maandishi madogo ambao aliuruka kwa haraka zake: kazi hii ifanyike kwenye seva fulani. Kila swali na seva yake. Yeye alikuwa amezifanya zote kwenye mashine ya kuanzia, hapo hapo alipotua.

Mwingine angefunga laptopu akaenda kulala. Bi Seva alianza kucheka peke yake. Damu ilimchemka kwa furaha, kwa sababu majibu yake yalikuwa sahihi yote, isipokuwa yalikuwa mahali pasipohusika, na hilo ni jambo la kujifunza.

"Wifi, njoo uone nilichokifanya," aliita.

Wifi akaja na sahani ya wali mkononi, akasimama nyuma yake.

"Hii laptopu yangu ni dirisha tu," Bi Seva akamweleza, akigusa skrini. "Ndani ya dirisha hili kuna kompyuta nyingine nzima, iko mbali huko, na ndiyo ninayoitumia. Nikiwa kwenye hiyo, natua kwanza kwenye mashine ya kuanzia. Kutoka hapo ndipo naingia seva ya kwanza, nafanya kazi yake, natoka, narudi nilipoanzia, naingia seva ya pili. Mimi nilidhani nimeingia ndani, kumbe muda wote nimesimama ukumbini napanga vyombo."

"Na maandishi ni meusi yale yale?"

"Yale yale. Dirisha halibadiliki rangi, halibadiliki sura. Kuna jina dogo tu mwanzo wa mstari."

"Sasa wewe hapo ulipo, uko wapi?"

Bi Seva akatazama jina lile dogo. Alikuwa hajui. Akaandika amri fupi ya kuiuliza mashine jina lake, na jibu lilipokuja akakuta yupo kwenye mashine ya kuanzia bado, kwenye jaribio lililokwisha. Akajiwekea sharti pale pale: kabla ya kugusa lolote, ataiuliza mashine inaitwaje. Kila swali, hata kama anajua. Na akimaliza, atatoka kwanza.

Jaribio la pili lilimfundisha mengine. Kwa miaka mingi, akikosea neno kwenye dirisha la amri, pale anapoiandikia mashine maagizo, alilifuta kwa kubonyeza kitufe cha Kontroli pamoja na W. Ilikuwa tabia ya vidole, kama mtu anavyojikuna. Lakini mle kila kitu kilikuwa ndani ya kivinjari, na kivinjari kikiona Kontroli na W kinafunga ukurasa mzima. Alikosea herufi moja, akabonyeza, mtihani ukatoweka. Akaufungua tena, akaendelea, akakosea tena, ukatoweka tena.

"Nitakikata hiki kidole," alisema.

"Usikikate, kina kucha nzuri," wifi alisema. Akafungua droo yake ya mapambo ya kucha, akatoa kijiwe kidogo cha kung'aa, akakipaka gundi na kukibandika juu ya kitufe cha Kontroli. "Ukikigusa hicho, kidole kitastuka. Kikistuka, fikiri."

Na kweli kilifanya kazi. Kila kidole kilipogusa kile kijiwe, Bi Seva alikumbuka kwamba hayuko kwake. Alijifunza pia kwamba kunakili na kubandika maneno kule kunataka kitufe kimoja zaidi ya alivyozoea. Alijifunza kukuza herufi mwanzoni kabisa, kabla macho hayajachoka. Alijifunza kwamba vitabu vya maelekezo vinaruhusiwa, ila vinafunguliwa ndani ya kompyuta ile ya mbali, na ukivifungua kwenye laptopu yako mwenyewe umeshavunja sheria. Kila alipogundua jambo alilitangaza, na wateja wa saluni wakawa wanafuatilia. Mwalimu mmoja aliyekuwa akija kusuka kila mara alikaa chini ya kikaushio na kuuliza kwanza, kabla hata ya salamu, "Leo umeingia seva ngapi?"

Ikabaki midomo. Wifi akajipa kazi ya usimamizi. Jioni baada ya mteja wa mwisho alivuta kiti mbele ya meza, akamkodolea Bi Seva macho, kitana kikubwa mkononi. Bi Seva akianza kunong'ona swali, kitana kinagonga meza.

"Midomo."

Anaendelea. Kitana kinagonga.

"Sijasema kitu, wifi."

"Midomo imesema. Na mkono wa kushoto toa usoni, msimamizi anataka kuuona uso wako."

Siku ya kwanza kitana kiligonga mpaka jirani akauliza kama kuna fundi seremala ndani. Zilipopita jioni kadhaa, mgongo wa Bi Seva ukaanza kukaa wima, mikono ikatulia kwenye kibodi, na midomo ikafungwa kama mfuko wenye zipu. Siku aliyomaliza jaribio zima bila kitana kugonga, wifi alikiweka mezani polepole, akasema, "Mimi nimeshakosa kazi," na wote wawili wakaanza kucheza pale katikati ya viti, bila muziki.

Mtihani wenyewe ukawa Jumatatu, Bi Seva akaomba ruhusa kazini, na wifi hakufungua saluni siku hiyo. Tangu asubuhi walikuwa wakihamisha vitu. Vioo vikafunikwa mashuka. Nywila ikabanduliwa. Vichwa vya mawigi vikapelekwa chumbani kwa wifi, vikapangwa kitandani kimoja kimoja, vimejifunika mpaka shingoni. Wifi akatoka nje akafunga mlango, akaweka kiti chake kizingitini kama askari wa lindo.

Bi Seva akaingia kwenye ukurasa wa mtihani. Moyo ulikuwa ukimdunda, lakini ulikuwa mdundo wa mtu anayesubiri zamu yake ya kucheza. Msimamizi hakuonekana wala hakusikika. Aliandika tu, kwa Kiingereza cha adabu, kwenye kisanduku kando ya skrini. Akaomba kitambulisho. Akaomba aone meza. Akaomba laptopu izungushwe polepole chumba kizima, sakafuni, ukutani, juu ya makabati.

Kisha akaandika: tafadhali rudisha kamera kwenye kabati. Kuna mtu ametazama huku.

Bi Seva akageuka. Juu kabisa ya kabati, nyuma ya boksi la mafuta ya nywele, kulikuwa na kichwa kimoja walichokisahau, chenye wigi jekundu, kimetabasamu. Akapanda juu ya kiti, akakishusha, akakileta mbele ya kamera na kukigeuza ili msimamizi aone kwamba hakina mwili. Halafu yakaja maneno: asante, tafadhali kiondoe chumbani.

Akafungua mlango kidogo, akakipitisha. Mkono wa wifi ukaingia, ukakipokea kwa kukikumbatia kama kichanga, mlango ukafungwa.

Msimamizi akauliza: ule mkono ulikuwa wa nani?

Kwa haraka na wasiwasi, Bi Seva akaandika kwa Kiingereza, lakini neno moja likamtoka kwa lugha yake: ni wa wifi yangu.

Jibu likaja: wifi yako inaonekana iko vizuri, hakuna tatizo la mtandao. Ninauliza kuhusu mkono.

Bi Seva alikaribia kucheka kwa sauti. Akabana midomo, akavuta pumzi, akaandika tena kwamba ule ni mkono wa dada wa mumewe, yuko nje, hataingia. Msimamizi akamshukuru, akamtakia heri. Mtihani ukafunguka.

Akakuza herufi. Akasoma mstari mdogo wa juu. Akaingia seva iliyotajwa, akaiuliza jina, ikamjibu jina lile lile, na kwa mara ya kwanza akahisi kabisa mahali alipo: amekaa kwenye meza ya kucha, yuko pia kwenye kompyuta ya mbali, yuko pia ndani ya ile seva, na zote zimepangana kichwani mwake bila kugongana. Akafanya kazi, akaikagua, akatoka. Swali la pili. Ingia, uliza, fanya, kagua, toka. Raha ikampanda taratibu. Alikuwa akienda kama mtu anayejua kila kona ya nyumba gizani.

Nje, mambo hayakuwa matulivu. Mama mmoja alikuwa amefika mbio, amemshika mkono binti yake aliyefungwa kitambaa kichwani. Binti alikuwa anafunga ndoa alasiri ile, na msusi waliyemtegemea alikuwa ameugua ghafla.

"Saluni imefungwa, dada yangu," wifi alisema kwa sauti ya chini.

"Nakuomba kwa hali zote, mama. Mtazame huyu mtoto. Ataingia hivi mbele za watu?"

Wifi akamtazama binti. Nywele zilikuwa zimefumuliwa nusu, nusu nyingine bado imesukwa. Akatazama mlango uliofungwa. Akapeleka kidole mdomoni, akawaongoza wote wawili kunyata mpaka uani nyuma ya jiko, akamkalisha bibi harusi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Nasuka," akanong'ona, "ila atakayetoa sauti, namwacha na nusu kichwa."

Basi harusi ikasukwa kimyakimya. Bibi harusi alipoumia alifinya goti lake. Mama alipotaka mtindo alichora hewani kwa kidole, na wifi akajibu kwa kutikisa kichwa, ndiyo au hapana.

Ndani, Bi Seva alikuwa amevuka nusu ya mtihani. Swali lililofuata lilikuwa refu: kuandika faili la mipangilio, mstari kwa mstari, kwenye seva ya tano. Aliandika kwa utulivu, na kama mtu yeyote aliyezoea kuandika nyaraka ofisini, alipofika katikati mkono ukabonyeza Kontroli na S ili kuhifadhi. Kile kijiwe kilikuwa kimemzoeza kuogopa W. S hakuwa ameifikiria kabisa.

Dirisha likaganda. Akaandika herufi, haikutokea. Akaandika nyingine. Kishale kilikuwa kimesimama palepale, hakipepesi.

Midomo ikataka kufunguka, akaifunga. Akaondoa mikono kwenye kibodi, akaiweka mapajani, akaanza kujiuliza kutoka nje kuelekea ndani. Je, ni intaneti ya hapa nyumbani? Akamwandikia msimamizi kumuuliza kama bado anamwona. Akajibiwa mara moja: nakuona vizuri. Basi siyo intaneti. Je, ni ile kompyuta ya mbali imekufa? Akaangalia saa iliyo pembeni mwa skrini ya kompyuta hiyo. Ilikuwa inatembea. Akasogeza kipanya, mshale wake ukasogea kwenye skrini. Basi siyo hiyo. Kilichobaki ni dirisha moja tu la amri, na yeye ndiye aliyelisimamisha kwa ile S, kwa sababu kwenye dirisha la amri Kontroli na S haihifadhi kitu, inaliambia lisimame.

Dawa yake aliijua, Kontroli na Q. Kidole kikaenda mpaka juu ya kijiwe, kikastuka. Akafikiri. Kwenye laptopu yake, Kontroli na Q huzima programu nzima. Ikiwa itapita mpaka kule mbali, dirisha litafunguka. Ikiwa itaishia hapa kwake, mtihani wote utafungwa, na hajui kama ataweza kurudi. Akaurudisha mkono mapajani.

Halafu akatabasamu, maana njia nyingine ilikuwa mbele ya macho yake. Ile kompyuta ya mbali ilikuwa nzima. Akashika kipanya, akabonyeza alama ya kulifunga lile dirisha lililoganda, akafungua jipya. Akatua mashine ya kuanzia. Akaingia seva ya tano, akaiuliza jina. Faili lilikuwa limepoteza mistari aliyoiandika, lakini mistari ilikuwa bado kichwani mwake, na mara hii vidole viliikimbilia. Akahifadhi kwa njia ya kule. Akakagua. Akatoka.

Maswali yaliyobaki aliyafanya kwa moyo mkunjufu ajabu, kama mtu aliyetoka kuoga maji ya baridi. Moja lilimshinda, aliliacha, akarudi, akalifanya nusu. Akabonyeza kitufe cha kukabidhi huku saa ikielekea mwisho. Msimamizi akaandika kwamba mtihani umekwisha, asante kwa uvumilivu, siku njema.

Wakati huohuo uani, wifi alikuwa akichomeka pini ya mwisho. Mama wa bibi harusi akarudi nyuma hatua mbili amwone mwanawe, macho yakamjaa, akavuta pumzi na kuinua mkono mdomoni kupiga kigelegele. Wifi akamrukia akamziba mdomo. Walikuwa bado wameshikana hivyo, bibi harusi amekaa kati yao juu ya ndoo, mlango wa jikoni ulipofunguka na Bi Seva akatokea, nywele timutimu, mikono hewani.

"Nimemaliza," alisema. Alipoona mkono wa wifi mdomoni mwa mgeni, akauliza, "Huyu ni nani?"

"Kwanza niambie," wifi akasema. "Tumemaliza kabisa? Naweza kumwachia?"

"Mwachie."

Kigelegele kikatoka. Kilikuwa kimekaa ndani muda mrefu, na kilisikika mpaka mtaa wa pili.

Aliambiwa matokeo yatakuja kwa barua pepe kesho yake. Kesho yake Bi Seva alifika kazini, akafungua barua pepe, hakuna. Akaenda chumba cha seva, akarudi, hakuna. Mkuu wa kitengo alipita mezani kwake kwa kisingizio cha kutafuta kalamu, ingawa kalamu ilikuwa mfukoni mwake. Alasiri, Bi Seva akiwa njiani kurudi nyumbani, simu ikatetema mkobani. Hakuitoa. Akaongeza mwendo, akaingia saluni iliyokuwa imejaa wateja, akampa wifi simu.

"Soma wewe. Mimi macho yangu hayaoni vizuri leo."

Wifi akafuta mafuta mikononi kwa taulo, akaisogeza simu karibu, akaisogeza mbali. Kiingereza kilikuwa kirefu. Akamkabidhi yule mwalimu aliyekuwa chini ya kikaushio. Mwalimu akaondoa kichwa kwenye joto, akasoma kimya, midomo ikitembea, mpaka Bi Seva akajikuta ameshika kiti cha mtu.

"Umefaulu," mwalimu akasema. "Wamekupongeza kwanza, halafu alama ndizo hizi. Nzuri sana hizi."

Wifi akampigia simu kaka yake. Kule upande wa pili greda lilikuwa likinguruma, na mume hakusikia kitu.

"Mkeo amefaulu," wifi akasema.

"Amefanyaje?"

"Amefaulu."

"Subiri nizime mashine." Ngurumo ikakata. "Sema tena."

"Unataka niseme mara ngapi? Chukua, ongea naye mwenyewe."

Bi Seva akachukua simu, na alipofungua mdomo kumweleza mumewe hakuweza, akabaki akicheka tu, na mume huko barabarani akaanza kucheka naye bila kujua anacheka nini, mpaka wakaishia kuagana hivyohivyo.

Mashine zilifika hospitalini wiki chache baadaye, zimefungwa kwenye maboksi marefu. Bi Seva alisimama mbele ya timu yake na sweta begani, akagawa kazi: wewe nyaya, wewe diski, nyinyi wawili kumbukumbu za zamani. Walifanya kazi mchana baada ya mchana, na kila mtu aliyekaa kwenye dirisha la amri alisikia swali moja nyuma ya bega lake: upo mashine gani? Mwanzoni walimcheka. Baadaye wakaanza kuulizana wenyewe kwa wenyewe.

Asubuhi ya kuwasha mfumo mpya, mkuu wa kitengo, madaktari wawili na Bi Seva walikwenda mapokezi. Karani alikuwa amekaa mbele ya skrini, amejiandaa kama anapigwa picha. Mgonjwa wa kwanza kwenye foleni alikuwa mzee aliyekuja na binti yake kupimwa shinikizo la damu. Karani akamuuliza jina, akaliandika taratibu, herufi kwa herufi, akabonyeza.

Skrini ikakaa nyeupe kidogo. Kisha jina la mzee likatokea, na chini yake miaka yake yote ya kuja hospitalini pale, tarehe baada ya tarehe, dawa baada ya dawa, mpaka siku ya kwanza kabisa alipoletwa akiwa amevunjika mkono.

"Nipo?" mzee akauliza, akichungulia juu ya kaunta.

"Upo, baba," Bi Seva akamjibu. "Upo wote."